Baridi ya Sakina, Joto la Doha: Majibu kwa Wanaohama

Barua za mwezi huu zimetoka Sakina, Soweto ya Moshi, Kiboriloni, Machame na kwa wasomaji wetu walio ng'ambo. Zote zina kilio kimoja: mtu amehama nchi, au yuko njiani kuhama, na mwili umebaki ulikotoka. Wengi mnauliza digrii. Digrii ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni unyevu na upepo, na karibu kila tatizo mlilotuandikia lina maji ndani yake: maji ya jasho, ya mvuke, ya nguo zilizogoma kukauka. Tumewajibu tukilifuata hilo.

Jiko chumbani, nguo mbichi, na mahamri yasiyoumuka

*Assalaam aleikum. Tumetoka Mombasa, mume wangu kapata kazi Arusha, tumepanga Sakina tangu mwezi wa nne. Nina watoto wawili, mmoja miaka mitatu, mwengine miezi saba. Baridi inatutesa. Nyumba ni ya bati na chumba cha kulala hakina dari. Usiku naingiza jiko la mkaa likishaacha moshi, tukipata joto nalitoa, lakini siku nyengine usingizi hunichukua. Nguo za mtoto hazikauki hata siku tatu, na mahamri siku hizi hayaumuki kabisa. Nifanyeje? — Mama Wawili, Sakina*

Waaleikum salaam dada yetu, na karibu Arusha. Kabla ya nguo na mahamri: jiko hilo lisiingie tena chumbani, kuanzia usiku wa leo.

Mkaa ulioacha moshi ndio unaodanganya watu. Moshi ukiisha, kilichoisha ni kile unachokiona na kukinusa. Makaa mekundu yanaendelea kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo huing'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anavuta pumzi kama kawaida huku damu yake ikikosa cha kubeba. Huanza kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea, kisha usingizi. Aliyekwisha lala hazioni dalili hizo. Mtoto mchanga hupumua haraka kuliko wewe, hivyo hudhurika mapema. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi kuwa kinga. Mkiwahi kuamka nyote mna maumivu ya kichwa, tokeni nje kwenye hewa, mwende hospitali na mseme wazi kwamba mlilala na jiko, kwa sababu kipimo cha malaria hakitaonyesha kitu.

Sasa baridi yenyewe. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa wastani wa digrii 6 na nusu. Hapo tayari umepoteza digrii 9 za Mombasa. Kisha kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusi, ule ule mnaoujua pwani, huleta hewa yenye unyevu ikagonga mlima Meru, ikapanda na kugeuka wingu zito linalotanda juu ya mji. Usiku wa Julai hushuka hadi digrii 12 au 13, na jua huchelewa kuonekana. Wingu hilo ndilo linalokugombanisha na kamba ya nguo.

Chumba chako kinapoteza joto kwa juu. Bati usiku hupoa kuliko hewa ya ndani, na mvuke wa pumzi zenu hugota chini yake. Ukiona matone alfajiri, hiyo siyo mvua. Dawa ya kudumu ni dari, iwe ya jipsam au ya mbao nyembamba, ikiacha nafasi ya hewa kati yake na bati. Zungumza na mwenye nyumba mkatane kwenye kodi. Chumba kimoja ni kazi ya fundi ya siku mbili tatu. Wakati mnasubiri, ziba upenyo wa chini ya mlango kwa kitambaa kilichokunjwa kama nyoka, weka pazia zito linalofika chini, na viache wazi vile vitundu vya hewa vya juu ya dirisha. Nyumba iliyozibwa kila mahali hulowana kwa mvuke, na blanketi lenye unyevu halina joto.

Watu huongeza blanketi juu na kusahau chini. Godoro likikaa kwenye sakafu ya saruji, sakafu hunyonya joto la mwili usiku kucha. Liweke kwenye chaga, kisha tandika blanketi moja chini ya shuka. Hilo moja hushinda mawili ya juu. Mpira wa maji ya moto uwekwe kitandani dakika 20 kabla ya kulala na uondolewe mtoto akipanda.

Kwa wa miezi saba, mvike tabaka moja zaidi ya ulilovaa wewe. Asilale na kofia ndani ya nyumba, wala blanketi zito karibu na uso. Usimpime kwa mikono na miguu, hiyo huwa ya baridi hata akiwa sawa. Gusa nyuma ya shingo. Ikiwa na jasho, punguza nguo. Akipata kikohozi, mhesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni za kumpeleka kituo cha afya siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo ukiona kifua kinabonyea ndani akivuta hewa. Nimonia inatokana na vijidudu, wala siyo kupigwa na umande. Lakini moshi na kubanana kwenye chumba kilichofungwa huvisaidia vijidudu hivyo.

Kama bajeti inaruhusu hita ya umeme, chagua ya wati 1,000 inayojizima yenyewe. Kuiwasha saa mbili kabla ya kulala ni uniti 2 za LUKU. Ikae mita moja kutoka kwenye chandarua na pazia, na isichomekwe kwenye ekstensheni yenye vitu vingine.

Nguo: acha kufua jioni. Anza mapema, kamua, kisha viringisha nguo ya mtoto ndani ya taulo kavu na uikanyage. Taulo huondoa maji ambayo mkono haukuyaweza. Anika panapopita upepo hata kama hapana jua, kwenye baraza lenye paa, ukiacha upana wa kiganja kati ya nguo na nguo. Zikibaki na ubichi kidogo, pasi ndiyo hukamilisha. Usizianike chumbani mnamolala: nguo za familia zilizokamuliwa kwa mkono hubeba lita 2 za maji kwa urahisi, na maji hayo yote huhamia kwenye hewa, kwenye ukuta, kisha kuwa kuvu nyuma ya kabati.

Na mahamri. Hamira haijafa, inasinzia. Jiko lako la Mombasa lilikuwa na digrii 28 bila wewe kufanya lolote. La Sakina lina 17. Pasha tui hadi liwe vuguvugu, ukidondoshea kwenye kifundo cha mkono usisikie moto wala baridi. Likiwa la moto sana, kuanzia digrii 55 hivi, ndipo hamira hufa kweli. Weka bakuli la unga ndani ya sufuria pana yenye maji ya uvuguvugu, funika, na ubadilishe maji yakipoa. Unga ukishapata joto utaumuka upesi kuliko pwani, maana hewa ya huku juu haikandamizi sana kama ya pwani, kwa hiyo angalia unga na uache saa. Maharage nayo yatakusumbua kwa sababu hiyo hiyo: maji Arusha huchemka kwenye digrii 95 hivi badala ya 100. Yaloweke usiku kucha.

Nesi anayekwenda Ujerumani Januari

*Shikamooni. Mimi ni nesi, naishi Soweto, Moshi. Januari nitakwenda Ujerumani kufanya kazi hospitalini, zamu za usiku zikiwemo. Nimeanza kupita soko la mitumba la Memorial kukusanya makoti. Rafiki zangu wananiambia nichukue koti zito kuliko yote. Je, ni sahihi? Na ninunue nini hapa, nini kule? — Nesi wa Soweto*

Marahaba. Koti zito kuliko yote siyo sahihi. Januari kule wastani unacheza karibu na sifuri, usiku digrii kadhaa chini yake, na siku mbaya 10 chini ya sifuri. Lakini basi, treni, duka na wodi vina joto la digrii 20 au zaidi. Utakuwa unatoka na kuingia siku nzima. Mtu wa koti moja zito juu ya fulana hutoka jasho ndani ya treni, kisha hushuka kituoni na jasho hilo, na hapo ndipo baridi humkamata. Unachohitaji ni tabaka tatu unazoweza kuvua moja moja.

La kwanza linagusa ngozi, na lisiwe la pamba. Pamba hunywa jasho na kukaa nalo. Ikilowa huvuta joto la mwili. Tafuta singilendi za mikono mirefu na taiti za sufu nyembamba au poliesta. Tatu za juu na mbili za chini zinatosha. La pili linashika hewa ya joto: sweta la sufu au flisi. La tatu linazuia upepo na maji: jaketi lenye kofia, linalofika chini ya makalio, lenye nafasi ya kutosha juu ya sweta. Jaketi linalobana huminya hewa iliyokuwa ikutunzie joto.

Memorial ni mahali pazuri kwa tabaka la kwanza na la pili, mizula, skafu na hata jaketi, kwa sababu nguo nyingi za belo zilitoka huko huko unakokwenda. Soma lebo ya ndani: *Baumwolle* ni pamba, *Wolle* ni sufu, *Daunen* ni manyoya ya ndege. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye mshono, nenda nao pembeni uuchome. Sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika. Poliesta huyeyuka na kuwa shanga ngumu. Pamba huwaka kama karatasi.

Jaketi la manyoya lishike kwenye mwanga na upapase kila chumba cha mshono. Manyoya yaliyokaa kwenye belo kwa miezi hubonyea. Hilo siyo tatizo, ukilikung'uta dakika tano hufura tena. Likibaki na mabonge chini na vyumba vitupu mabegani, liache. Pandisha na kushusha zipu mara tano, kwa kuwa zipu ya jaketi ni ghali kubadilisha kule. Na ujue manyoya yakilowa hayana joto lolote. Kwa mji wenye mvua nyingi kuliko theluji, jaketi lililojazwa poliesta ni bora.

Buti usinunue mtumba. Hapo tunasimama imara. Soli nyingi za buti za baridi ni za poliyurethani, na hiyo huchakaa kwa umri hata kama kiatu hakijavaliwa. Inaonekana nzima sokoni, wiki ya pili inamong'onyoka kama andazi la juzi, nawe uko kwenye barafu. Nenda na raba imara na soksi nzito mbili, buti ununue wiki ya kwanza. Chukua inayozidi saizi yako kwa nusu au moja, soli ya mpira yenye mifereji mirefu. Vidole lazima vichezee ndani ukiwa na soksi nene. Kiatu kinachobana huzuia damu, na mguu usio na damu haupati joto kwa soksi yoyote.

Kwa mikono, glavu za vidole vyote pamoja hushinda za vidole mbalimbali. Na uangalie upepo kwenye utabiri: digrii 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapigwa kama digrii 20 chini ya sifuri. Kidole au sikio likifa ganzi na kupauka, ingia ndani, lipashe kwa kwapa au kwa maji ya digrii 37 hadi 39 kwa nusu saa. Usilisugue, usilisogeze kwenye hita. Ganzi haitakuambia unapoungua.

Siku ya safari utaondokea KIA kwenye joto la Januari, kwa hiyo jaketi, mzula na glavu vikae kwenye begi la mkononi. Sanduku likichelewa, utashuka ukiwa navyo.

Ndani ya nyumba utakuta hita za ukutani zenye kitasa cha namba 1 hadi 5. Namba 3 ni kama digrii 20. Kuweka 5 hakupashi chumba haraka zaidi. Kunaiambia hita isisimame hadi ifike 28 hivi, na bili itakufuata mwisho wa mwaka. Alama ya theluji ni ya kuzuia mabomba yasigande, siyo ya kupoza. Mara mbili au tatu kwa siku zima hita, fungua madirisha wazi kabisa dakika 5 hadi 10, kisha funga. Usiliache dirisha limeinama kidogo kutwa nzima: ukuta unapoa, mvuke wa kupika na kuoga unagota juu yake, na kuvu huanzia pembeni mwa dirisha. Wenye nyumba kule hulichukulia jambo hilo kwa uzito sana, na linaweza kukugharimu fedha uliyoweka dhamana.

Ngozi itapauka kuliko ulivyowahi kuona, kwa sababu hewa ya baridi inayopashwa hubaki kavu mno. Oga kwa maji ya uvuguvugu, dakika 10 zisipite, ujipanguse kidogo na kupaka mafuta ya mgando ndani ya dakika tatu, ngozi ingali na unyevu. Mafuta ya mgando hayaongezi maji, yanayafungia yaliyopo, ndiyo maana ukiyapaka juu ya ngozi kavu unang'aa lakini unaendelea kuwasha. Kwa kazi yako mikono itapasuka kwanza. Isipokuwa michafu kwa kuonekana, tumia dawa ya mikono ya spiriti badala ya sabuni, na pakaa krimu kila mapumziko. Nywele za kusuka zikiwa mbichi usitoke nazo asubuhi. Osha siku ya mapumziko.

Barafu njiani mara nyingi haionekani, hasa alfajiri ukitoka zamu. Hatua fupi, unyayo wote chini kwa pamoja, magoti yalegee, mikono nje ya mifuko.

Fundi umeme anayekwenda Doha

*Wakubwa, mimi ni fundi umeme wa Kiboriloni. Nimepata mkataba Doha, naondoka Agosti mwanzoni. Moshi ninaujua kwa joto, kwa hiyo siogopi sana, ila mama ananisumbua niwaulize. — Fundi, Kiboriloni*

Mama yako yuko sahihi, kijana. Kwanza, joto la Moshi unalolijua ni la Januari hadi Machi. Sasa hivi ni kipupwe. Mwili wako umeshalisahau. Pili, Doha mwezi wa nane mchana hupita digrii 40, na bahari huongeza unyevu mzito. Jasho halipozi mwili kwa kutoka, hupoza kwa kukauka. Hewa ikishiba maji, jasho linachuruzika bure na joto linabaki ndani. Kwa hiyo siku ya digrii 36 yenye unyevu yaweza kuwa mbaya kuliko ya 43 iliyo kavu.

Mwili hujifunza joto kwa siku 7 hadi 14: moyo hutulia, jasho huanza mapema na kutoka jingi zaidi lenye chumvi kidogo. Kanuni inayotumika kwa mfanyakazi mpya ni asilimia 20 ya kazi ya kawaida siku ya kwanza, kisha kuongeza 20 kila siku. Siku hizo za mwanzo ndizo zinazoangusha watu, na wanaoanguka mara nyingi ni wale wanaotaka kuonyesha bidii kwa msimamizi. Mwombe mapema, kwa heshima. Wiki hizi zilizobaki, fanya mazoezi ya kukutoa jasho saa moja kila siku. Yanasaidia kwa sehemu. Na ukikaa likizo wiki moja au zaidi mahali pa baridi, ujue umerudi karibu mwanzo.

Sheria ya Qatar inakulinda, ijue kwa kichwa. Kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba hakuna kazi ya nje juani kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 na nusu alasiri. Pia, kipo kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo, kinachoitwa WBGT, kikizidi 32.1, kazi isimame saa yoyote ile. Usikilinganishe na digrii za kwenye simu, ni vitu viwili tofauti. Ukipelekwa nchi jirani saa zinabadilika: Falme za Kiarabu ni saa 6 na nusu hadi saa 9 mchana, 15 Juni hadi 15 Septemba.

Maji: kikombe cha mililita 250 kila dakika 20, uwe na kiu au huna. Usizidishe lita moja na nusu kwa saa, maana maji matupu mengi mno hushusha chumvi ya damu na hilo nalo huua. Chumvi ipate kwenye chakula. Usiruke mlo wa asubuhi. Misuli ikikaza, kunywa pakiti moja ya ORS iliyochanganywa kwenye lita moja kamili. Mkojo uwe wa rangi ya maji ya ndimu. Ukiwa kama chai ya rangi, umechelewa.

Kwa ufundi wako kuna hatari moja ambayo wengine hawana. Ngozi iliyolowa jasho hupitisha umeme kwa urahisi zaidi kuliko kavu, umeme ambao Moshi ulikushtua tu, kule unaweza kukushika. Beba jozi mbili za glavu za umeme na vitambaa vya ndani vya kubadilisha, na upime kila waya hata ukiambiwa umezimwa.

Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka, kupepesuka au kuwa mkali bila sababu, hicho ni kiharusi cha joto hata kama bado anatoka jasho. Piga 999, msogeze kivulini, mvue, mmwagie maji mwili mzima huku mkimpepea, wekeni barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Msimnyweshe akiwa hana fahamu. Poza kwanza, kisha ndiyo gari.

Giza la Helsinki

*Binti yetu anaondoka mwishoni mwa Agosti kwenda chuo Helsinki. Binamu yake aliyetangulia alilala karibu Novemba nzima na kufeli mitihani. Tunaambiwa ni giza. Giza linamuumizaje mtu? — Wazazi, Machame*

Ndugu zetu, mchana wa Machame hauzidi wala kupungua saa 12 ila kwa dakika chache mwaka mzima, kwa hiyo saa ya mwilini haijawahi kufanyishwa kazi. Helsinki katikati ya Desemba jua huchomoza baada ya saa 3 asubuhi na kuzama saa 9 na robo alasiri, na mara nyingi liko nyuma ya wingu. Mwanga wa asubuhi ndio unaouambia ubongo usiku umekwisha. Usipofika, mtu huamka lakini mwili unaendelea na usiku: usingizi, hamu ya vyakula vya wanga, huzuni. Binamu hakuwa mvivu, na msimkumbushe kufeli kwake mbele ya huyu.

Aanze mapema, Oktoba. Atoke nje kila siku saa sita mchana, nusu saa, hata kwenye wingu, kwa kuwa anga la mawingu lina mwanga kupita taa za kawaida za chumbani. Taa maalumu ya mwanga wa laksi 10,000, dakika 20 hadi 30 kila asubuhi wakati wa kunywa chai, ikiwa pembeni kidogo ya macho. Ikiwashwa usiku humharibia usingizi. Aamke saa ile ile hata Jumapili.

Vitamini D ni suala jingine. Ngozi huitengeneza kwa jua, na jua la huko majira ya baridi liko chini mno kuweza kazi hiyo. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi hata kiangazi. Mikrogramu 10 kwa siku inamtosha mtu mzima, na asivuke 100 bila daktari. Ninyi mpigieni wakati ambao yeye ameamka, maana kule wako nyuma yetu saa moja kipindi cha baridi. Huzuni ikipita wiki mbili mfululizo, au akiacha kula na kwenda darasani, aende huduma ya afya ya wanafunzi wala asisubiri Machi.

Majibu mafupi

*Nimekaa Dubai miaka sita, nimerudi Njiro, Arusha. Nikipanda ngazi pumzi inakatika. Ni mwinuko?* — Kwa mita 1,400, kidogo tu, na kwa wiki mbili za mwanzo. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kwenye mita 2,500. Ikizidi hapo, kapime wingi wa damu, presha na mapafu. Kama inakuja na vumbi la Januari na Februari na unakohoa usiku, mweleze daktari hivyo, huenda ni pumu.

*Tunahamia Moshi Januari kutoka Norwe na watoto wa miaka 4 na 6 waliozaliwa huko. Tuwaandaeje na joto?* — Joto watalizoea ndani ya wiki mbili: wacheze nje kabla ya saa 4 asubuhi na baada ya saa 10 jioni, kofia pana, mafuta ya kukinga jua yenye kiwango cha 30 hata kwa ngozi nyeusi, maji kila wanapopumzika. Vipele vya joto shingoni vikitokea, maji ya baridi na nguo ya pamba. Hapa pamba ndiyo rafiki. Jambo zito kwao ni malaria. Watoto waliozaliwa huko hawana kinga yoyote, nanyi wazazi yenu imepungua kwa kukaa mbali. Mwoneni daktari mwezi mmoja kabla ya safari, kwa sababu dawa nyingine za kinga huanzwa siku mbili kabla na nyingine wiki mbili tatu. Chandarua chenye dawa kichomekwe chini ya godoro pande zote kabla giza halijaingia. Homa yoyote baada ya siku 7 tangu mfike, apimwe damu siku hiyo hiyo, hata kama ana mafua na mnadhani ni mabadiliko ya hewa.